Deni Lisilolipika: Mkopo wa Safari Unavyogeuka Kamba ya Utumwa

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Kwa deni la dukani, la chama au la benki, usemi huo haujakosea. Aliyekopa hulipa, deni hupungua, na siku moja huisha. Lakini liko deni la aina nyingine, ambalo kadiri mtu anavyolilipa ndivyo linavyonenepa. Hilo ndilo deni wanalolitumia walanguzi wa binadamu kuwafunga watu bila pingu wala mnyororo.

Kaunti ya Kwale inapakana na Tanzania, na barabara kuu inayotoka Mombasa huvuka mpaka hapo Lunga Lunga. Watu wengi hupita hapo kila siku kwa shughuli za halali: biashara, matibabu, harusi na matanga. Pia kuna njia za panya vichakani, na njia ya bahari kutoka Vanga na Shimoni kuelekea Tanga na Pemba. Njia hizi zote zaweza kutumiwa na walanguzi. Kwa sababu hiyo, elimu kuhusu ulanguzi wa binadamu inamhusu kila mkaazi, awe mzazi, mwanabodaboda, mvuvi, mwenye nyumba ya kupangisha, au kijana anayetafuta kazi ng'ambo.

Makala haya yanaeleza utumwa wa madeni ni nini, unavyofanya kazi, nchi jirani zinavyoshirikiana kuukabili, na hatua ambazo mkaazi anaweza kuchukua.

MANENO MATATU YASIYOFAA KUCHANGANYWA

Uhamiaji wa kazi ni mtu kwenda kufanya kazi mahali pengine, ndani au nje ya nchi. Si kosa. Familia nyingi hapa Pwani zimesomesha watoto na kujenga nyumba kwa pesa zilizotumwa kutoka nchi za Ghuba.

Uvushaji wa magendo ni kumsaidia mtu kuvuka mpaka kinyume cha sheria ili mvushaji alipwe. Mhamiaji hulipa, huvushwa, na kwa kawaida shughuli baina yao huishia hapo. Hilo ni kosa dhidi ya nchi na sheria zake za mipaka.

Ulanguzi wa binadamu ni kumsajili, kumsafirisha, kumhamisha au kumpokea mtu kwa nguvu, vitisho, udanganyifu au kwa kutumia vibaya unyonge wake, kwa nia ya kumnyonya. Hilo ni kosa dhidi ya mtu mwenyewe. Si lazima mpaka uvukwe. Mtu anaweza kulanguliwa kutoka Kinango hadi Nairobi. Ikiwa aliyechukuliwa ni mtoto wa chini ya miaka 18, haihitajiki kuthibitisha kwamba alilazimishwa au alidanganywa. Kumchukua kwa nia ya kumnyonya kunatosha kuwa kosa.

Mara nyingi kinachomtoa mtu kwenye neno la pili na kumtumbukiza kwenye la tatu ni deni. Mhamiaji aliyeanza safari kwa hiari yake huambiwa njiani kwamba gharama imepanda. Hana pesa. Huanza kushikiliwa, kufanyishwa kazi, au kupigwa huku jamaa zake wakisikiliza kwenye simu ili watume pesa. Alipoondoka nyumbani alikuwa msafiri. Anapofika hapo ni mateka.

UTUMWA WA MADENI NI NINI

Maana yake iliwekwa katika mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1956 kuhusu kukomesha utumwa. Kwa maneno mepesi, mkataba huo unasema kwamba utumwa wa madeni ni hali ya mtu kuweka rehani kazi yake, au kazi ya mtu aliye chini yake, kama dhamana ya deni, huku thamani ya kazi hiyo haitumiki kupunguza deni, au muda na aina ya kazi havikuwekewa mipaka.

Kutokana na maana hiyo tunapata maswali mawili ambayo kila mtu anaweza kuyauliza, hata kama hajasomea sheria:

1. Je, kazi ninayofanya inapunguza deni?
2. Je, inajulikana deni litaisha lini, na ni kazi gani ninayotakiwa kufanya?

Jibu likiwa "hapana" kwa swali lolote kati ya hayo, huo si mkopo wa kawaida. Ni mtego.

Tatizo hili si dogo. Makadirio ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2021 yanaonyesha kwamba watu milioni 27.6 walikuwa katika kazi za kulazimishwa duniani kote. Deni ni mojawapo ya njia zinazotumiwa kuwashikilia.

TUPIGE HESABU

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya somo, lakini mambo yaliyomo ni ya kawaida katika visa vya aina hii.

Msichana anaahidiwa kazi ya nyumbani ng'ambo kwa mshahara wa shilingi 30,000 kwa mwezi. Wakala anamwambia: "Usilipe chochote sasa. Tutakulipia tiketi, viza na uchunguzi wa afya, kisha utakatwa kidogo kidogo." Anatia saini karatasi asiyoielewa. Akifika, anaelezwa mambo matatu mapya: mshahara ni 22,000, deni ni 180,000, na deni hilo lina riba ya asilimia 10 kila mwezi.

Kila mwezi anakatwa 15,000 za deni. Anakatwa 6,000 nyingine za chakula na malazi. Mkononi anabaki na 1,000.

Mwezi wa kwanza riba ni 18,000. Amelipa 15,000. Deni limepanda hadi 183,000.

Mwezi wa pili riba ni 18,300. Amelipa 15,000. Deni ni 186,300.

Mwezi wa tatu riba ni 18,630. Amelipa 15,000. Deni ni 189,930.

Kwa miezi mitatu amelipa shilingi 45,000, na anadaiwa karibu shilingi 10,000 zaidi ya alizodaiwa siku aliyofika. Akifanya kazi miaka kumi kwa hesabu hiyo, hatalimaliza. Deni hili halikutengenezwa ili lilipwe. Lilitengenezwa ili asiondoke.

NJIA ZA KULINENEPESHA DENI

Riba si njia pekee. Kuna nyingine zinazojitokeza mara kwa mara:

Ada zinazoibuka. Leo ni ya viza, kesho ni ya kibali cha kazi, keshokutwa ni ya "ofisi". Hakuna risiti.

Faini. Kuchelewa kuamka, kuvunja kikombe, kuugua au kuongea na jirani hutozwa faini inayoongezwa kwenye deni.

Chakula, kitanda na usafiri kutozwa kwa bei isiyo na mantiki, ilhali mfanyakazi haruhusiwi kununua kwingine.

Kuhamishwa. Mwajiri wa kwanza anampeleka kwa wa pili, na "gharama ya kumpata" inawekwa juu ya mfanyakazi mwenyewe, kana kwamba ni bidhaa.

Dhamana ya nyumbani. Wazazi wamesaini kwamba hati ya shamba itachukuliwa, au mdhamini amekopa kwa niaba yake. Kamba hii ndiyo nzito kuliko zote, kwani mtu anavumilia mateso akijua akitoroka, mzazi wake ndiye atakayefuatwa.

Pamoja na hayo, pasipoti na simu huchukuliwa. Katika nchi kadhaa za Ghuba, mfumo unaojulikana kama kafala umekuwa ukifunganisha kibali cha mfanyakazi mgeni na mwajiri mmoja. Baadhi ya nchi zimeanza kuulegeza. Qatar, kwa mfano, iliondoa mwaka 2020 sharti la mfanyakazi kupata ruhusa ya mwajiri kabla ya kubadilisha kazi. Saudi Arabia ilifanya mageuzi mwaka 2021, lakini wafanyakazi wa nyumbani waliachwa nje ya mageuzi hayo. Msichana anayekwenda kufanya kazi za ndani anafaa kulijua hilo kabla hajapanda ndege.

NJIA WANAZOPITISHWA WATU

Ipo njia ya kusini. Vijana kutoka Ethiopia na nchi nyingine za Pembe ya Afrika huingia Kenya, wengi kupitia Moyale, kisha Tanzania, Malawi na Msumbiji, wakiazimia kufika Afrika Kusini. Wengi hulipia safari kwa awamu, na kila awamu ikichelewa hufungiwa majumbani au vichakani hadi jamaa watume pesa. Machi 2020, mkoani Tete nchini Msumbiji, maafisa wa uhamiaji walifungua kontena juu ya lori lililotoka Malawi wakakuta maiti 64 za watu walioaminika kuwa raia wa Ethiopia. Waliokuwa hai ni 14.

Ipo njia ya mashariki ya mbali. Tangu mwaka 2022 Serikali ya Kenya imekuwa ikiwaonya vijana kuhusu kazi za uongo nchini Thailand. Vijana wenye elimu nzuri na ujuzi wa kompyuta huahidiwa kazi za kuhudumia wateja, kisha huvushwa mto hadi Myanmar na kufungiwa ndani ya maboma, ambako hulazimishwa kutapeli watu kupitia intaneti. Anayetaka kuondoka huambiwa alipe kwanza "gharama" zilizotumika kumleta. Februari 2025, Thailand ilikata umeme na mafuta yaliyokuwa yakielekea maeneo hayo, na maelfu ya watu wa mataifa mengi wakatolewa. Wakenya walikuwa miongoni mwao.

Na ipo njia inayoingia Kenya. Watoto wenye ulemavu wameletwa kutoka Tanzania hadi miji ya Kenya ili waombe barabarani, na pesa wanazopewa huchukuliwa na wanaowasimamia. Wasichana kutoka Karamoja nchini Uganda wameletwa Nairobi kwa kazi za ndani. Mara nyingine mzazi alipewa kiasi kidogo cha pesa na ahadi ya shule. Pesa hizo ndizo mtoto huambiwa anazilipa. Kwa hivyo mkaazi wa Kwale anapomwona mtoto mgeni akifanyishwa kazi au akiombeshwa, asidhani kwamba ulanguzi ni jambo la Wakenya waliokwama ughaibuni tu.

KWA NINI NCHI MOJA HAITOSHI

Mlanguzi huukata uhalifu wake vipande. Anayesajili yuko nchi moja, anayesafirisha yuko nchi ya pili, anayenufaika yuko nchi ya tatu, na pesa za deni zinatumwa kwa simu hadi nchi ya nne. Polisi wa nchi moja anaona kipande kimoja tu, na kipande kimoja mara nyingi kinaonekana kama safari ya kawaida. Ndiyo maana kazi hii inahitaji mikono ya pande zote za mpaka.

Hatua ya kwanza ni kuwa na maana moja ya kosa. Itifaki ya Palermo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 ndiyo iliyoweka maana hiyo, na Kenya ilijiunga nayo mwaka 2005. Kisha Tanzania ikatunga sheria yake mwaka 2008, Uganda mwaka 2009, na Kenya mwaka 2010. Leo mlanguzi akivuka kutoka Lunga Lunga hadi Horohoro hapati kimbilio. Anachokifanya ni kosa pande zote mbili.

Hatua ya pili ni maafisa kukaa pamoja. Lunga Lunga na Horohoro ni kituo cha mpakani cha pamoja, ambapo maafisa wa Kenya na wa Tanzania huwahudumia wasafiri chini ya paa moja. Mpango kama huo upo pia Taveta na Holili, Namanga, Busia na Malaba. Afisa akiwa na shaka kuhusu mtoto anayesafiri na mtu asiyeweza kueleza uhusiano wao, mwenzake wa upande wa pili yuko karibu kuulizwa.

Hatua ya tatu ni kupeana ushahidi na washukiwa. Kenya ina Sheria ya Usaidizi wa Kisheria baina ya Mataifa ya mwaka 2011, inayowezesha ushahidi uliopatikana nchi moja kutumika katika kesi ya nchi nyingine. Wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki wana chombo chao cha ushirikiano, EAPCCO, kilichoanzishwa mwaka 1998, na ofisi ya kanda ya Interpol iko Nairobi. Faida ya ushirikiano wa namna hii ilionekana Januari 2023, raia mmoja wa Eritrea aliyetuhumiwa kuwashikilia na kuwatesa wahamiaji nchini Libya ili jamaa zao walipe fidia alipokamatwa nchini Sudan. Alikuwa ametoroka mahakama nchini Ethiopia miaka miwili kabla, na operesheni ya kumnasa iliongozwa na Falme za Kiarabu pamoja na Interpol. Peke yake, hakuna hata moja kati ya nchi hizo ingemfikia.

Hatua ya nne ni mikataba ya kazi. Kenya imetia saini mikataba ya ajira na Saudi Arabia, Qatar na Falme za Kiarabu. Januari 2020, mawaziri wa kazi wa nchi za Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika walikutana Nairobi na kukubaliana kuwa na msimamo mmoja kuhusu wafanyakazi wanaokwenda nje, ili nchi zisishindane kupeleka watu wao kwa masharti duni.

SHERIA INAMLINDA MDAIWA

Waathiriwa wengi hunyamaza kwa sababu mbili: wanaamini kwamba kweli wanadaiwa, na wanaogopa kwamba wao ndio watakaoshtakiwa. Ni vyema kila mkaazi ajue yafuatayo.

Kifungu cha 30 cha Katiba ya Kenya kinasema kwamba mtu hatashikiliwa katika utumwa, wala hatalazimishwa kufanya kazi. Kifungu cha 25 kinaweka uhuru dhidi ya utumwa miongoni mwa haki ambazo haziwezi kuwekewa mipaka kwa sababu yoyote. Hakuna deni, la shilingi mia au la milioni, linalompa mtu haki ya kummiliki mwenzake. Pwani hii haihitaji kuelezwa maana ya utumwa. Mapango ya Shimoni bado yapo.

Sheria ya Kukabiliana na Ulanguzi wa Binadamu ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika mwaka 2012, inatoa adhabu ya kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Anayerudia kosa anaweza kufungwa maisha. Kuingilia hati za usafiri za mtu ili kufanikisha ulanguzi ni kosa lenyewe.

Kukubali kwa mwathiriwa hakumwokoi mlanguzi ikiwa alitumia udanganyifu, vitisho au nguvu. Saini kwenye karatasi haigeuzi utumwa kuwa ajira.

Mwathiriwa hashtakiwi kwa makosa yaliyotokana moja kwa moja na kulanguliwa kwake, kama vile kuwa nchini bila kibali. Mahakama inaweza kumwamuru mlanguzi amlipe fidia, na sheria imeanzisha Hazina ya Kitaifa ya Kuwasaidia Waathiriwa.

Kwa hivyo anayetoa ripoti hakimbii deni. Anamripoti mhalifu.

KABLA HUJASAFIRI

Hakikisha wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Orodha ya mawakala walioidhinishwa iko kwenye tovuti ya mamlaka hiyo. Picha nzuri za WhatsApp na TikTok si usajili.

Dai mkataba ulioandikwa kwa lugha unayoielewa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mkataba wa kazi ya nje ya nchi uthibitishwe na afisa wa leba. Wakala anayekwepa ofisi ya leba ana sababu ya kuikwepa.

Uliza deni lote kwa tarakimu: ni kiasi gani, cha nini, lina riba gani, na litaisha mwezi gani. Kama hakuna anayeweza kuandika tarehe ya mwisho, usisaini.

Usiweke hati ya shamba wala ya nyumba kuwa dhamana ya tiketi.

Kataa viza ya utalii kwa safari ya kazi, na ukatae kupitishwa njia za panya. Asiye na stakabadhi sahihi ndiye mwepesi kutishwa.

Acha nyumbani nakala ya pasipoti, mkataba, tiketi, na jina na anwani ya mwajiri. Kubalianeni na jamaa neno moja la siri ambalo ukilitamka kwenye simu watajua uko hatarini.

JAMAA YAKO AKIKWAMA

Jambo la kwanza ni kutoharakisha kutuma pesa. Ni vigumu kusikia mtoto akilia kwenye simu, na walanguzi wanalitegemea hilo. Lakini malipo ya kwanza mara nyingi huwaonyesha kwamba familia inaweza kukamuliwa zaidi.

Andika kila kitu: namba zilizopiga, saa, majina, jumbe za pesa zilizotumwa, na mahali alipotajwa kuwa. Usifute ujumbe wowote.

Piga ripoti polisi na upate namba ya OB. Idara ya Upelelezi (DCI) ina kitengo maalumu cha kukabiliana na ulanguzi wa binadamu na kuwalinda watoto, chenye ofisi Nairobi na Mombasa. Kwa aliye nje ya nchi, wasiliana pia na ubalozi wa Kenya ulio karibu naye kupitia Wizara ya Mambo ya Nje.

Mwanabodaboda aliyeombwa kuwapitisha watu usiku, mvuvi aliyeombwa kuvusha abiria asiowajua, na mwenye nyumba anayeona chumba kimoja kikiwa na watu wengi wasiotoka nje, wote wana habari inayoweza kuokoa maisha. Mjulishe chifu, mzee wa Nyumba Kumi au polisi. Usijaribu kuwakabili wahusika peke yako.

Namba za kupiga bila malipo:
Polisi: 999 au 112
DCI, kutoa habari kwa siri: 0800 722 203
Watoto: 116. Namba hii hii ya msaada kwa watoto inatumika Kenya, Tanzania na Uganda
Dhuluma za kijinsia: 1195

MASWALI YA KUJADILI BARAZANI

1. Katika mfano wa hesabu, mfanyakazi angehitaji kulipa zaidi ya kiasi gani kwa mwezi wa kwanza ili deni lianze kupungua? Je, mshahara wake ungetosha?
2. Kuna tofauti gani kati ya mhamiaji aliyevushwa kwa magendo na aliyelanguliwa? Ni nini kinachoweza kumtoa hali ya kwanza na kumwingiza ya pili?
3. Ikiwa binti wa jirani amerudi kutoka ng'ambo bila pesa, kijiji humpokeaje? Je, maneno yetu yanamsaidia kutoa ripoti, au yanamfanya anyamaze?

Swali la tatu lina uzito wa kipekee. Wahenga walisema pia kukopa harusi, kulipa matanga. Anayerudi mikono mitupu baada ya kulanguliwa tayari ameyaishi matanga hayo akiwa hai. Akichekwa, hatasema aliyemsajili ni nani, na wakala huyo atabisha hodi nyumba inayofuata.